Santuri Zilivuka Kabla ya Mikataba

Ndugu Mwenyekiti; waheshimiwa maofisa utamaduni wa pande zote mbili; wazee wetu wa muziki mliokaa hapo mbele; wageni wetu mliovuka mpaka wa Horohoro kutoka Kwale na Mombasa; vijana; ndugu zangu wote. Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo?

Mada niliyopewa inasomeka hivi: mabadilishano ya sanaa na utamaduni kati ya Tanzania na Kenya. Ni mada kubwa, na ina harufu ya ofisini kidogo. Mkiniruhusu nitaiingilia kwa mlango wa kazi: nani alikuwa na nini, nani alikosa nini, na msanii alipita wapi kwenda kukitafuta. Kwa sababu kila ninapoifuata historia yetu naona jambo lilelile. Sanaa baina ya nchi hizi mbili haikubebwa sana na misafara rasmi yenye sare na bendera. Ilibebwa na watu waliokuwa wakitafuta riziki, na serikali zetu mara nyingi zilikuta imeshafika.

Nianze na santuri, zile sahani za muziki. Tuko Tanga, ningeanza na kitu kingine mngenishangaa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bendi nyingi za dansi za Tanzania Bara zilikuwa mikononi mwa taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU. Polisi nao walikuwa na yao. Mpiga gitaa alikuwa mwajiriwa: mshahara unaingia mwisho wa mwezi, vyombo ni vya mwajiri. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi hizo kwenye mikanda yake na kuzipiga hewani asubuhi, mchana na usiku, hata wimbo ukajulikana nchi nzima bila kuwepo sahani yake dukani. Hatukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Mpango wa kujenga cha kwetu ulikuwepo, haukufika mwisho.

Nairobi mambo yalikaa kinyume. Viwanda vilikuwepo, studio za watu binafsi zilikuwepo, na maduka ya santuri yalijipanga kuanzia River Road na kuendelea. Lakini mwanamuziki wa Nairobi hakuwa na mwajiri wa kumlipa bia ikikosa wateja. Alilipwa kwa usiku aliopiga, na wimbo wake mara nyingi aliuuza moja kwa moja, fedha ikaliwa, sahani ikaendelea kuuzwa miaka na miaka bila yeye kupata senti nyingine.

Kwa hiyo huku kulikuwa na mishahara bila santuri, kule kulikuwa na santuri bila mishahara. Pengo hilo ndilo lililofanya kazi ambayo leo tunaiita kwa majina mazuri ya kwenye maandiko ya miradi. Bendi za Tanzania zilipanda basi kwenda Nairobi kurekodi, zikarudi. Nyingine hazikurudi.

Mnawajua ndugu wawili wa Tanga hii, Wilson na George Kinyonga. Walipitia Jamhuri Jazz hapahapa, wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Nairobi na bendi tuliyokuja kuiita Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji, akina Omari Shabani, wakatoka wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza, na ukoo wa Wanyika ukaendelea kuzaa matawi. Sikilizeni magitaa yale kwa makini. Gitaa la rithimu la Omari Shabani linatembea taratibu, halimkimbilii mtu, na Kiswahili kinachoimbwa juu yake ni cha mtu aliyekua akisikia kikisemwa uwanjani, si cha mtu aliyekipata darasani. Lakini mpigo wa ngoma, urefu wa wimbo uliokatwa katikati ili sahani igeuzwe upande wa pili, sauti ile ya studio: hivyo ni Nairobi. Muulize Mkenya wa umri wangu, atakwambia Wanyika ni bendi ya Kenya. Muulize mzee wa Chumbageni hapa mjini, atakwambia wale ni watoto wetu. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Muziki ule haungetokea Tanga peke yake, wala Nairobi peke yake.

Sasa, mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Vijana mliopo hapa jaribuni kufikiria: karibu miaka saba Horohoro imefungwa, Namanga imefungwa, Holili na Sirari zimefungwa. Wanauchumi wameshaandika hasara ya magari na mizigo. Hasara ya muziki wameiandika wachache. Bendi ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitegemea kurekodi Nairobi ilibaki na mikanda ya redio peke yake. Mwanamuziki wa Kitanzania aliyekuwa Nairobi alibaki huko, akawa mgeni wa kudumu, na kibali chake cha kazi kikawa kitu cha kuombea dua.

Hata hivyo kazi haikukatika kabisa. Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Alikuwa na miaka 34. Angalieni tarehe hiyo. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa karibu miaka miwili, na mwanamuziki mkubwa kuliko wote wa Tanzania wa wakati ule alikuwa Kenya, kwenye kazi yake. Soko lake la santuri lilikuwa huko. Wasikilizaji wake walikuwa pande zote mbili, na redio haikusimama kuonyesha pasipoti. Usiku mtu wa Tanga aliipata Sauti ya Kenya, na mtu wa Mombasa aliipata Dar es Salaam, na kadi za salamu zilisomwa kote kuwili.

Taarabu nayo ina habari yake, na hapa wageni wetu wa Mombasa watanisaidia. Miaka ya mwanzo ya sabini vikundi viwili vya mji huu, Black Star na Lucky Star, vilifanya jambo ambalo wazee wa Unguja waliliona kama utundu. Vilipunguza fidla, vikaingiza gitaa la umeme na besi, vikaipa taarabu mwendo ambao mtu anaweza kuinuka nao kwenye kiti. Bi Shakila akaimba juu yake kwa sauti ile ambayo haijapata mrithi. Basi nani alizitoa nyimbo hizo zikawa sahani? Mombasa. Duka la Assanand, lenye lebo yake ya Mzuri, ndilo lililokuwa likitoa taarabu za pwani, za Mombasa na za Tanga pia. Na Mombasa ikajibu kwa mali yake: udi wa Zein l'Abdin wenye asili ya Lamu, na Juma Bhalo aliyechukua tuni za filamu za Kihindi akazivisha mashairi ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ambayo mtu wa Pangani anayaelewa hata pale anapotabasamu kwa lafudhi. Hakukuwa na kamati. Kulikuwa na harusi, mwenye duka aliyejua kuhesabu, na mabasi.

Wala halikuwa jambo geni. Siti binti Saad aliposafiri kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri zake zilirudi zikauzwa pwani nzima. Watu wa pwani wamezoea sauti yao kuandikwa ugenini na kurudishwa nyumbani ikiwa na bei.

Niuache muziki kidogo, maana kuna watu wa vinyago hapa na wameanza kuniangalia vibaya.

Leo mgeni akishuka Nairobi au Mombasa, kinyago atakachouziwa kina uwezekano mkubwa kimechongwa na Mkamba. Wamunyu, huko Machakos, ni kijiji cha wachongaji. Mombasa kuna ushirika mkubwa wa Wakamba wachonga vinyago. Utadhani ni kazi ya tangu enzi za mababu. Biashara hiyo inahesabiwa kuanzia kwa mtu mmoja, Mutisya wa Munge, aliyekuja Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona uchongaji wa Wazaramo na kujifunza, akarudi Wamunyu na ujuzi huo. Akachonga, akafundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine. Vita ilimleta kwa shida, akaondoka na ufundi. Na kwetu huku, uchongaji wa Kimakonde uliojaa Mwenge, Dar es Salaam, nao una wageni ndani yake: wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, yakiwemo ya mkoa huu wa Tanga, na mpingo wakaukuta huku. Kwa hiyo mtu akinyanyua sauti kusema kinyago fulani ni cha taifa fulani na wengine wameiba, mimi huwa namuuliza: unaanzia kuhesabu mwaka gani?

Lakini swali hilo nisilitumie kufunika jambo. Kujifunza ni kitu kimoja, na kulipwa ni kingine. Mnakijua kibonzo cha watoto cha Tinga Tinga Tales kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Kilitengenezwa Nairobi na vijana wa Kikenya wenye ujuzi wa hali ya juu, kwa ubia na kampuni ya Uingereza, kwa mtindo wa uchoraji ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyefariki mwaka 1972. Nafurahi mtoto wa Ulaya anaijua rangi ile. Nafurahi wachoraji wa Nairobi walipata kazi. Kisha nabaki na swali ambalo kila msanii chumba hiki analo: mtindo ukivuka mpaka na kugeuka bidhaa ya dunia, waliobaki kwenye banda la Oysterbay wanakaa sehemu gani ya mkataba? Hilo ni swali la kuulizwa kabla kalamu haijashikwa.

Vitabu. Hapa nitasema kwa ufupi lakini kwa ukali.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa maandishi yake ya kisiasa. Alipotoka mwaka 1972 alikuja Dar es Salaam, akapokelewa kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, akafanya kazi hapo miaka kadhaa. Diwani aliyoiandika gerezani, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa Nairobi, na ikapata tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Upande wa pili, Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar aliandika Utengano, riwaya ikachapishwa Kenya mwaka 1980, na baadaye ikawa kitabu teule katika shule za sekondari za huko. Maelfu ya vijana wa Eldoret na Nyeri walijifunza kuisoma jamii ya Unguja ndani ya kitabu hicho, wakafanyia mtihani. Ipo pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa fedha za kampuni ya Kenya ya kutengeneza mabati pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka wake wa kwanza wa kutolewa, miongoni mwa washindi walikuwemo Watanzania Anna Samwel Manyanza na Mohammed Ghassani. Mabati yameezeka mengi, lakini kuezeka mashairi sikutegemea.

Sasa geuzeni upande. Mwanafunzi wa Tanzania anasoma nini cha Mkenya? Wengi wetu tulikutana na Ngũgĩ wa Thiong'o darasani, tena kwa Kiingereza. Waandishi wa Kikenya wanaoandika riwaya kwa Kiswahili, akina Ken Walibora, Mungu amrehemu, walimu wetu wengi wanawasikia kwa mbali tu. Tunajisifu kuwa Kiswahili ni chetu, kisha vitabu vya jirani aliyekitumikia hatuviweki kwenye orodha ya shule. Hilo haliwezi kulaumiwa kwa mpaka wala kwa mkoloni. Ni uvivu, na dawa yake ni kikao kimoja cha watu wa mitaala.

Kanga sitaieleza mbele ya akina mama hawa, mtanizomea. Niseme tu kwamba Mali ya Abdulla, kutoka duka la Mombasa, imeingia kwenye masanduku ya Tanga, Unguja na Dar es Salaam kwa vizazi, na ujumbe wa pindo lake umegombanisha mawifi wa nchi zote mbili kwa usawa kamili.

Tuje kwenye siku hizi. Bongo fleva imejaa redio na matatu za Kenya kiasi kwamba wasanii wa huko wamelalamika, wakataka nyimbo za nyumbani zipewe muda zaidi hewani. Watanzania wengi walilicheka dai hilo. Mimi silicheki. Msanii wa Nairobi anayelipa kodi Nairobi ana haki ya kuuliza kwa nini redio ya mtaani kwake haimjui. Ila ninaposikia hoja hiyo nakumbuka kuwa katika miaka ya sabini santuri za Nairobi ndizo zilizojaa huku, na hazikuliua dansi la Tanzania. Lililoliumiza ni vyombo chakavu na mikanda isiyotoka nje ya jengo la redio. Na wasanii wenyewe hawasubiri tumalize kubishana. Sauti Sol na Alikiba walitoa wimbo pamoja mwaka 2016. Coke Studio Africa ilikuwa ikirekodiwa Nairobi na kuwakutanisha watu wa Dar es Salaam na wenzao kwenye jukwaa moja. Soda, jamani, ndiyo iliyofanya kazi ya wizara.

Tamasha la sanaa la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa, JAMAFEST, nalo lipo: lilianzia Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi, Kampala, na mwaka 2019 likaja Dar es Salaam. Silidharau. Nimeona ngoma nzuri humo. Lakini tamasha kama hilo lina ugonjwa wake: kikundi kinasafiri siku mbili, kinacheza mbele ya wakubwa kwa dakika chache, kinapiga picha, kinarudi. Mpiga ngoma wa Kidigo wa Mkinga upande huu na yule wa Kidigo wa Lungalunga upande wa Kenya, ambao wangeweza kukutana kwa bodaboda, wanakutanishwa kwa ndege katika mji mkuu wa nchi ya tatu. Fedha ya safari hiyo ingekilisha kikundi cha mpakani mwaka mzima.

Basi tunataka nini? Kwanza tuzungumzie kivuko, maana hapo ndipo maneno mazuri yanapokwama. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ilianza kutumika Julai 2010. Inasema habari za watu, huduma na kazi kuvuka kwa uhuru. Lakini kikundi cha taarabu cha Mombasa kikialikwa harusi hapa Ngamiani Ijumaa na Jumamosi, kinaulizwa kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa msanii wa kigeni, kinaulizwa habari za Uhamiaji, na kinanda kinatazamwa na watu wa forodha kana kwamba kinakuja kuuzwa. Bendi ya Tanga ikienda Diani inakutana na ndugu wa maswali hayohayo. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kuingiza kitu kwa muda na kukirudisha. Mpiga kinanda wa harusi haijui fomu hiyo, na wakati mwingine aliyeko dirishani hataki kuisumbukia. Matokeo yake bendi nyingi zinavuka kama watalii, zinapiga usiku, na mwenye ukumbi akikataa kulipa hazina pa kushtaki kwa sababu kwenye karatasi hazikuja kufanya kazi.

Ninachoomba ni kibali kimoja cha maonyesho ya siku chache, kinachotolewa palepale mpakani, kinachotambuliwa pande zote mbili, chenye orodha ya vyombo nyuma yake. Kitozwe ada ndogo. Hata wasanii hawatakataa kulipa, wanachokataa ni kuzungushwa.

Pili, mirabaha, yaani malipo ya msanii kazi yake inapotumiwa. Wimbo wa kijana wa Tanga ukipigwa Mombasa, fedha inakusanywa Kenya. COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, ikae na wenzao wa Kenya wawaonyeshe wasanii, kwa majina ya nyimbo na kwa shilingi, nini kimekusanywa upande ule na nini kimevuka kuja upande huu, na kinyume chake. Taarifa ya namna hiyo ibandikwe ukutani kama matokeo ya mtihani. Atakayekosa jina lake ataanza kuuliza, na kuuliza ndiko kunakotufaa.

Tatu ni mikanda. Redio yetu ya taifa ina hazina ya dansi na taarabu ambayo haikuwahi kuwa santuri. Nairobi na Mombasa kuna sahani za bendi zetu ambazo sisi hatuna hata nakala. Nusu ya kumbukumbu ipo huku, nusu ipo kule, na wanaoweza kututajia nani alipiga besi siku ile wanapungua kila mwaka. Baadhi yao wamekaa mstari wa mbele hapa. Naomba kabla hamjaondoka leo, wale vijana wa kurekodi walioko mlangoni wakae na wazee hawa mmoja mmoja, wawapigie nyimbo, waandike majina. Kazi hiyo haihitaji waziri.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mabwana wa forodha na Uhamiaji wa Horohoro na wenzao wa Lungalunga wameitikia mwaliko, nawaona kule nyuma wamekaa pamoja. Ningeomba maswali yaanzie kwao, na la kwanza naliuliza mimi: kikundi cha watu kumi na wawili, kinanda kimoja, magitaa matatu na ngoma, kinavuka Ijumaa mchana na kurudi Jumapili. Tuambieni, karatasi zipi, dirisha lipi, na shilingi ngapi?